Maswali ya Wasomaji: Saul Solomon, mbunge aliyehutubia juu ya kigoda

Katika toleo lililopita, tulipoeleza historia ya haki ya kupiga kura kusini mwa Afrika, tulimtaja kwa mstari mmoja Saul Solomon, mbunge wa Cape Town katika karne ya 19. Mstari ule umetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Kwa kuwa barua zenyewe zinafuatana kana kwamba waandishi wake wamekaa baraza moja, tumeona safu ya mwezi huu iwe ya mtu huyu peke yake.

Swali: *Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Mlisema Solomon alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara, na pia kwamba alitetea wasio na kitu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameniuliza mtoto wa matajiri aliupata wapi moyo huo, nami sikuwa na jibu. Alikuwa nani hasa, na mali ya ukoo wake ilimsaidia kiasi gani?*

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri, na jibu lake linaanzia kisiwani. Saul Solomon alizaliwa tarehe 25 Mei 1817 katika kisiwa cha Saint Helena, kilichoko peke yake katikati ya bahari ya Atlantiki, ambacho wakati huo kilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Meli zilizotoka India kurudi Ulaya zilitia nanga pale ili kuchukua maji na chakula, na mahali meli zinapotia nanga, duka halikosi mteja. Ami yake, ambaye naye aliitwa Saul Solomon, alikuwa Myahudi kutoka Uingereza aliyefungua biashara katika mji wa Jamestown, na jina la Solomon likawa kubwa kuliko majina yote ya biashara kisiwani hapo. Baba yake mbunge wetu, Joseph, alikuwa wa ukoo huohuo.

Ukisoma hadi hapo utadhani kijana alilelewa juu ya mito ya hariri, lakini maisha yake hayakwenda hivyo. Akiwa bado mdogo alipelekwa Uingereza pamoja na kaka yake Henry wakasome shule ya bweni, na huko akapatwa na maradhi ya viungo yaliyomdumaza. Miguu yake haikukua tena, akabaki na kimo cha mtoto maisha yake yote. Baadaye alifika Cape Town, akasoma kwa muda mfupi katika Chuo cha Afrika Kusini, kisha akaacha masomo kwa kukosa uwezo na kuwekwa kwa mpiga chapa mmoja ili ajifunze kazi. Kwa hiyo, mwalimu, jina la ukoo lilikuwa zito, ila mfuko wa kijana mwenyewe ulikuwa mwepesi.

Mpiga chapa huyo aliitwa George Greig, na hapa naomba wanafunzi wako wasipite haraka. Mwaka 1824 Greig alianza kuchapa gazeti la kwanza huru katika Koloni la Cape, yaani koloni la Waingereza kusini mwa Afrika ambalo Cape Town ilikuwa mji wake mkuu, wahariri wake wakiwa Thomas Pringle na John Fairbairn. Haukupita muda gavana Lord Charles Somerset akatia lakiri mitambo yake na kumwamuru aondoke kolonini. Ilibidi mabwana hao wapeleke malalamiko yao London na kubishana kwa miaka kadhaa kabla ya uhuru wa magazeti kukubaliwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Saul mdogo aliingia katika nyumba ya chapa ambayo wakubwa wake walikuwa wameonja mkono wa serikali, na sina shaka kwamba pale alijifunza mengi ambayo asingeyapata chuoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mwanafunzi wa chapa alisimama mbele ya sanduku la mbao lililogawanywa vyumba vidogo vidogo, akaokota herufi za madini ya risasi moja baada ya nyingine na kuzipanga zikiwa zimegeuzwa, hivi kwamba alisoma kila neno kinyumenyume kabla ya wino kuligusa. Sanduku hilo huwekwa juu ya meza ya mteremko iliyotengenezwa kwa kimo cha mtu mzima, na kijana wa umbo lake alihitaji kitu cha kukanyaga ndipo aifikie. Miaka mingi baadaye, wabunge wenzake walipomwona akipanda juu ya kigoda ili aonekane anapohutubia, walikuwa wakimwona mtu aliyezoea tangu ujanani kujiinulia mwenyewe mahali pa kusimama.

Kutoka uanafunzi alipanda hadi kuwa mwenye kazi, akishirikiana na Henry, na kampuni yao ya Saul Solomon & Company ikawa miongoni mwa nyumba kubwa kabisa za chapa kusini mwa Afrika. Mwaka 1845 alikuwa mmoja wa walioanzisha, chini ya John Fairbairn, chama cha bima ya maisha ambacho wanachama wake ndio waliokimiliki, na ambacho leo kinajulikana kwa jina la Old Mutual. Bunge la kwanza la Cape lilipofunguliwa mwaka 1854, yeye alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kuwakilisha Cape Town.

Ukiniuliza ukoo wa wafanyabiashara ulimpa nini, nitasema ulimpa macho ya hesabu. Alisifika kwa kuzisoma taarifa za serikali ukurasa kwa ukurasa, akakumbuka takwimu ambazo mawaziri wenyewe walikuwa wamezisahau. Huruma peke yake haikuwa ikimtisha waziri yeyote. Kilichowatisha ni mtu mwenye huruma aliyekuja bungeni akijua fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Swali: *Assalaamu alaykum. Mimi ni bibi wa Unguja, mpenzi wa historia. Je, Saint Helena mliyoitaja ndiyo ile aliyopelekwa Sayyid Khalid bin Barghash? Na ni kweli kwamba akina Solomon walitaka kumtorosha Napoleon?*

Jibu: Waalaykumu salaam, bibi yetu. Ndiyo hiyohiyo. Sayyid Khalid, aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili tatu mwezi wa Agosti 1896 hadi mizinga ya Waingereza ilipobomoa kasri la Beit al-Hukm, alipata hifadhi kwa Wajerumani huko Dar es Salaam. Waingereza walimkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakamhamishia Saint Helena na Shelisheli, na mwishowe wakamruhusu kuishi Mombasa, alikofia mwaka 1927. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikuwa amemtangulia kisiwani humo katika miaka ya 1890.

Napoleon alifikishwa huko Oktoba 1815 na kufariki tarehe 5 Mei 1821, wakati mbunge wetu ana umri wa karibu miaka minne. Wenyeji wa kisiwa husimulia kwamba Solomon yule ami alipenyeza ngazi ya hariri ndani ya birika la chai ili mfungwa ashuke majabali na kutoroka. Ni hadithi tamu, na inafaa ibaki palepale kwenye hadithi.

Swali: *Nimefanya kazi ya kuchapa Nairobi kwa miaka 22. Mtu mwenye gazeti, mwenye zabuni ya kuichapia serikali, na papo hapo ni mbunge, kwangu mimi huyo hawezi kuwa huru. Mtamsifuje?*

Jibu: Ndugu, umegusa penye jeraha, na ninakubali kwamba hatari ilikuwapo. Gazeti la Cape Argus lilianzishwa Januari 1857 na watu wengine, likichapwa katika mitambo ya Solomon, na mwaka 1863 likawa lake. Kampuni yake pia ilikuwa ikichapa nyaraka za serikali na za bunge. Leo tungedai achague moja.

Hata hivyo, mtu hupimwa kwa alichokifanya pale ambapo kunyamaza kungemlipa. Solomon hakushika wizara hata moja katika maisha yake, ijapokuwa tangu mwaka 1872, Koloni la Cape lilipopata serikali inayowajibika kwa bunge chini ya John Molteno, alikuwa na hadhi ya kutosha kuingia katika baraza lolote la mawaziri. Alibaki kwenye kiti cha kawaida, akiunga mkono hoja hii na kuipinga ile bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tazama pia kisa cha Koegas. Katika vita vya mpaka wa kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1870, wafungwa wa Kisan na Wakorana, jamii za wenyeji wa asili wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wanawake na watoto, waliuawa na Wazungu waliokuwa wakiwalinda. Washtakiwa walipelekwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama katika mji wa Victoria West, yaani mbele ya majirani zao wenyewe, wakaachiwa huru. Argus liliandika waziwazi kwamba haki imeuawa mara ya pili, na likamlaumu Mwanasheria Mkuu Thomas Upington kwa kuacha kesi isikilizwe mahali ambapo kila mtu alijua hukumu kabla ya ushahidi. Upington akalishtaki gazeti kwa kumkashifu. Mwaka ulikuwa 1879, wakati hofu ya vita na Wazulu imewajaa walowezi, na kuwaandikia habari za haki ya Wasan kulikuwa ni kujitafutia maadui miongoni mwa watu walewale walionunua gazeti. Wewe unayejua gharama ya karatasi na mishahara ya mafundi utaelewa uzito wa uamuzi huo kuliko mimi.

Mwisho wa gazeti hilo katika mikono yake unasikitisha. Mwaka 1881 Argus liliuzwa kwa Francis Dormer, na nyuma ya Dormer kulikuwa na fedha za kijana mmoja tajiri wa almasi aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia bungeni, jina lake Cecil Rhodes.

Swali: *Naandika kutoka Mombasa. Nimesikia kwamba Solomon alifuta mishahara ya mapadri. Je, alikuwa adui wa dini?*

Jibu: La, hasha. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, yeye alikulia katika Ukristo, na ndugu yake Edward alikuwa mmisionari. Ugomvi wake ulikuwa juu ya hazina ya serikali. Wakati ule serikali ya Cape ililipa mishahara ya makasisi wa baadhi ya makanisa, hasa Kanisa la Kiholanzi na Kanisa la Anglikana, kutoka katika kodi ya watu wote. Waislamu wa Cape Town, ambao mababu zao wengi waliletwa na Waholanzi wakiwa watumwa na mahabusu kutoka visiwa vya Mashariki, walilipa ushuru kwa kila kitu walichonunua, kisha sehemu ya ushuru huo ikamlisha padri, ilhali imamu wao alilishwa na waumini wake. Wayahudi na Wakristo wa madhehebu madogo walikuwa katika hali ileile.

Solomon alisema kila dini itunzwe na wenye dini. Alipeleka muswada wake bungeni mwaka 1854, ukaangushwa. Akaupeleka tena mwaka uliofuata, na tena, na tena. Makasisi walihubiri dhidi yake, vikao vikaja na kwenda, wabunge walioupinga wakazeeka na wengine wakafa. Ulipita mwaka 1875, baada ya miaka 21. Katika kazi zake zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haikuwa na shangwe ya barabarani wala shujaa wa farasi. Ilikuwa ni karatasi ileile, mtu yuleyule, na kigoda kilekile, kila mwaka.

Swali: *Je, aliacha watoto? Msomaji wa kike, Arusha.*

Jibu: Aliacha, dada yetu, na habari zao zinatosha safu nyingine. Mwaka 1874, akiwa na miaka 56, alimwoa Georgiana Thomson, Mskochi aliyekuwa amekuja Cape Town kuongoza shule ya wasichana. Mwaka 1881 binti yao alizama majini pamoja na mlezi wake aliyejirusha kumwokoa, na wote wawili wakafa. Afya ya baba, ambayo haikuwa nzuri, ilianza kushuka upesi, na mwaka 1883 akaondoka katika siasa.

Baada ya kifo cha mumewe, Georgiana alijiunga na wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura na akafungwa jela ya Holloway. Binti yao Daisy alifanya jambo ambalo magazeti ya London yalilishangilia: tarehe 23 Februari 1909 yeye na mwenzake Elspeth McClelland walipelekwa posta, wakalipiwa stempu kama barua, na tarishi akawasindikiza hadi mlangoni kwa Waziri Mkuu, ambako walikataliwa kupokelewa.

Swali: *Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma. Samahani, lakini bunge lile lilikuwa la wakoloni, na ardhi lililoitungia sheria ilikuwa ya kuporwa. Mzungu mwema ndani ya nyumba ya wizi anatufaa nini sisi?*

Jibu: Usiombe samahani, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nirudi kusoma upya kabla ya kuandika. Ni kweli kwamba Solomon hakusema koloni livunjwe. Hakuhoji kama bunge la Cape lilikuwa na haki ya kuwatawala Waxhosa waliokwisha kunyang'anywa nchi yao kwa vita. Aliukubali msingi wa nyumba, akapigania milango yake.

Kwenye milango alikuwa imara. Aliwaahidi wapiga kura kwamba atapinga kila sheria itakayowabagua watu kwa tabaka, rangi au dini, na aliitimiza ahadi hiyo kwa kiwango ambacho wapinzani wake walimtukana kwayo, wakimwita mpenda weusi. Mwaka 1878 serikali ya Gordon Sprigg ilipotunga sheria ya kuwanyang'anya Waafrika silaha, Solomon aliipinga. Basotho walikuwa wamezinunua bunduki zao kwa mishahara ya machimbo ya almasi ya Kimberley, kwa fedha halali na kwa idhini, na sasa waliambiwa wazisalimishe kwa sababu tu ya wao ni nani. Walikataa. Vita vya mwaka 1880 na 1881 viliishinda serikali ya Cape, Basotho wakabaki na bunduki zao, na mwaka 1884 nchi yao ikatolewa mikononi mwa Cape na kuwekwa chini ya Uingereza moja kwa moja. Unaweza kuhesabu mwenyewe jambo hilo lilimaanisha nini mwaka 1910, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa na Lesotho ya leo ikabaki nje.

Penye udhaifu ni kwenye kura yenyewe. Katiba ya mwaka 1853 ilimpa haki ya kupiga kura kila mwanamume, wa rangi yoyote, mwenye nyumba au ardhi yenye thamani ya pauni 25, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya wazi sana, na Solomon aliitetea kwa imani yote kwamba kipimo kimoja kwa watu wote ndio usawa. Mfanyabiashara huamini mizani. Lakini mizani ina mwenye kuishika, na wale ambao ardhi yao imechukuliwa hawana cha kuweka juu yake.

Mwaka 1887, Solomon akiwa amekwisha kustaafu, bunge lilitunga sheria kwamba ardhi inayomilikiwa kijamaa kwa desturi za Kiafrika isihesabiwe kuwa mali ya mpiga kura, na maelfu ya Waafrika wa upande wa mashariki wakafutwa katika daftari. Mwaka 1888 alihamia Uingereza pamoja na familia yake. Mwaka 1892 kikaja kipimo kipya, pauni 75 badala ya 25, pamoja na sharti la kuweza kuandika jina, anwani na kazi. Waziri Mkuu wa Cape wakati huo alikuwa Cecil Rhodes, yuleyule ambaye fedha zake zilikuwa zimelinunua Argus. Katika masharti hayo hakuna rangi iliyotajwa, na kwa maneno yake yalivyoandikwa hayakuvunja ile kanuni ambayo Solomon aliilinda kwa karibu miaka 30.

Kwa hiyo ukiniuliza anatufaa nini, nitakujibu kwamba anatufaa kwa kusomwa mpaka ukurasa wa mwisho, pamoja na sheria hiyo ya 1892. Ilikuwa imekwisha kupitishwa alipofariki, tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo, katika kijiji cha Kilcreggan huko Uskochi.